Mchimbaji Aliyefia Kitandani

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana ndevu zangu bado hazijajaa kidevu, na watu wa umri wangu hapa Newala ndiyo kwanza wanatafuta kazi ya kuja kuiacha. Lakini bega la kulia limekataa kuinua sururu, na shemeji yangu amekubali niuze saruji dukani kwake, kwa hiyo mimi na mashimo tumeagana. Hakukuwa na sherehe. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani. Mchimba vyoo akiacha kazi, kinachobaki ni vyoo, na vyoo havimtaji mtu.

Ninawaandikia ninyi mnaobaki shimoni, hasa Issa na Bakari, ambao mmerithi ngazi yangu na madeni yake ya misumari. Mnajua kwamba sikusomea kazi hii. Chuo cha ufundi nilikiona kwa nje, nikipita na baiskeli. Nilianza kwa kutazama video za simu, ambamo watu wa nchi za mbali huchimba udongo usio wetu kwa mashine tusizo nazo, kisha nikajifunza upya kwa Mzee Makaa. Yeye amefariki masika haya. Nataka kuandika alivyoishi na alivyokufa kabla kijiwe cha stendi hakijamaliza kumtengenezea maisha mengine.

Nakiri mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Naweza kupima shimo, nikapanda juu, kisha nikashuka tena kuhakikisha kwamba nilipopima mara ya kwanza nilikuwa na akili timamu. Mzee alinibatiza jina la Mashaka, na wateja wakalishika haraka kuliko walivyoshika jina langu la Hashimu. Hata aya hii nimeifuta na kuirudia, na bado inanitazama vibaya.

Siku yangu ya kwanza kukutana naye ilikuwa Chilangala. Nilikuwa nachimba kisima cha kuvunia maji ya mvua nyuma ya nyumba ya shangazi yangu. Huku juu kwetu maji ya ardhini yako mbali kama ahadi za uchaguzi, kwa hiyo mtu mwenye bati huchimba shimo, hulisakafia, halafu humwachia Mungu na mabomba ya bati. Mimi nilikuwa nimeshazama mpaka kichwa, najisifu moyoni, nilipoona viatu vya mpira ukingoni na ncha ya mtaimbo.

“Shikamoo, Babu,” nikasema.

“Marahaba. Unachimba kaburi la nani?”

“Siyo kaburi, Babu. Ni kisima. Cha shangazi.”

“Shangazi yako mzima?”

“Mzima kabisa.”

“Basi ni lako. Panda juu nikuoneshe.”

Nikapanda. Akanionesha rundo la udongo nililolitupa pale pale ukingoni, kwa sababu ndiko mkono ulikofika. “Udongo huu umeutoa kwao,” akasema. “Unatamani kurudi. Na wewe umeuweka mlangoni.” Halafu akaketi kwenye ndoo yangu, akanitazama nikiuhamisha wote mpaka chini ya mkorosho, bila kunisaidia hata sepetu moja. Nilipomaliza alisema nimejitahidi, ila mkorosho sasa hauna kivuli cha kulala mtu. Huo ndio ulikuwa usaili wangu wa kazi.

Alizaliwa Nanganga, kando ya barabara, katika familia ya Kimakua ya Kianglikana, ya wale ambao babu zao walibatizwa na wamisionari na tangu hapo hawajakosa ibada isipokuwa wakiwa wagonjwa au walevi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Edmundi. Akiwa kijana alipelekwa vita vya Uganda. Kila mwaka siku ya mashujaa walimfuata na gari, wakamketisha juani kwenye kiti cha plastiki, wakampa soda, wakamrudisha. Mgeni mmoja wa heshima alimwomba awasimulie vijana mapambano. Mzee akasema kwamba yeye alichimba mahandaki. Waliopambana waulizwe wenyewe, kama watapatikana. Mwaka uliofuata soda ilikuja, lakini kipaza sauti hakikumfikia.

Kutoka vitani akaenda kwenye mgodi wa makaa ya mawe kule Nyanda za Juu. Alidumu huko mpaka mapafu yake yakaanza kupiga mluzi. Ndipo akastaafu, akaja kuishi Chilangala, kwa mkewe, Mama Yohana, kama desturi yetu ya kusini inavyomtaka mwanamume atulie ukweni na asiwe na maoni mengi. Majirani waliposikia alifanya kazi ya makaa walidhani alikuwa akichoma mkaa wa magunia, wakamsihi aache kumaliza misitu. Hakubishana nao. “Nilikwenda jeshini, nikachimba,” aliniambia. “Nikaenda mgodini, nikachimba. Nimestaafu, nachimba vyoo. Nchi hii haijawahi kukosea kipaji changu.”

Vitu alivyorudi navyo kutoka mgodini ni vitatu: kofia ngumu ya njano iliyopasuka ubavuni, kikohozi, na ule mtaimbo mfupi. Kofia aliitundika ukutani kando ya picha ya askofu. Kikohozi alikitunza mwenyewe. Mtaimbo alinifundishia. Mgodini, alisema, unagonga mwamba wa juu kabla ya kuingia chini yake. Ukilia kama kengele, ingia. Ukilia kama ngoma, rudi. Nilifurahi sana kupata sheria iliyo wazi namna hiyo. Wiki nzima niligonga kuta za kila shimo Newala, na udongo wetu mwekundu ukanijibu sauti moja tu, kama mtu anayepiga godoro.

“Babu, haulii kengele wala ngoma.”

“Ndiyo. Huu ni mchanga, siyo mwamba.”

“Sasa kwa nini umeniacha nigonge wiki nzima?”

“Ulikuwa unafurahi.”

Ndipo akanifundisha alama ya kweli, nanyi ishikeni hata mkisahau mengine yote. Tazama ukuta ambao hakuna anayeugusa. Mchanga ukianza kuchuruzika wenyewe, uzi mwembamba kama chumvi inayotoka kwenye mfuko uliotoboka, ukuta huo umeshaamua. Wewe ndiye hujaambiwa saa.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa Makote, kwa mwalimu mstaafu aliyetaka choo cha shimo refu wakati wa mvua, maana wakwe walikuwa wanakuja Pasaka na hakutaka wajue alivyokuwa akiishi siku zote. Tulikuwa tumeshafika kina cha watu wawili. Mzee alikuwa juu anavuta ndoo, mimi chini. Ghafla ndoo ikaacha kushuka. Nikaangalia juu, simwoni. Nikaita, kimya. Nikapanda ngazi kwa hasira nimwambie kwamba kazi haifanywi hivyo, nikamkuta tayari yuko barabarani, mtaimbo begani, anaelekea nyumbani.

“Babu, vipi?”

“Ukuta wa mashariki unachuruzika.”

“Si ungeniambia?”

“Nimekuambia. Umetoka.”

Mwalimu alitufuata akitutukana kwa Kiswahili sanifu kabisa. Kesho yake akaleta vijana wengine, wakamalizia lile shimo, wakalisakafia, na wakwe wakalitumia Pasaka yote kwa amani. Halijaanguka mpaka leo. Nilikonda kwa aibu. Nilimuuliza Mzee kama tulikosea.

“Wewe unapumua?” akauliza.

“Napumua.”

“Mimi napumua, kwa shida zangu. Sasa kosa liko wapi?”

Mtu wa wasiwasi hatosheki na jibu kama hilo. Nilimsumbua mpaka siku moja, tumekaa barazani kwake tunabangua korosho, akanieleza kwa nini hapigi kelele. Mgodini alikuwa mchekeshaji. Alikuwa anawatisha wenzake makusudi, anaigiza mlio wa nguzo inayovunjika, watu wanakimbia, yeye anacheka. Siku nguzo zilipoanza kulia kweli alipiga kelele kwa nguvu zake zote. Mwenzake wa zamu akamjibu, “Leo hunipati, Edmundi,” akaendelea kupakia toroli.

Akabangua korosho nyingine, akaitupa kwenye ungo. “Kelele kila mtu anaweza kuzichekea,” akasema. “Lakini mtu akiona fundi ameweka chombo chini na kuondoka, miguu yake inafuata kabla kichwa hakijabisha. Tangu siku ile mimi naondoka tu.”

Nikachukua korosho, nikaendelea kubangua.

Mtu pekee aliyemwelewa vizuri kuliko mimi alikuwa mtani wake, Mama Salima, Myao aliyehamia Chilangala kutoka Masasi na kufungua mgahawa wa uji na chapati. Makua na Yao ni watani, na hawa wawili walitukanana kwa bidii ambayo watu wengine huiweka kwenye ndoa.

“We Mmakua,” alimwambia asubuhi akimpimia uji, “umekohoa tena? Kufa basi, tumechoka kusubiri pilau.”

“Nitakufa baada yako. Nataka nione wanavyopata jeneza la upana huo.”

“Siku yako ikifika nitashuka kaburini nilale mimi kwanza. Wasiponipa jogoo, utazikwa juu yangu.”

“Mama Salima, kule mgodini nimelala na panya. Nitazoea.”

Mwaka jana kikohozi kikamshinda. Akawa halali, anaketi tu kitandani ameegemea mito, maana akilala chali pumzi inagoma. Hospitali walimpa dawa na ushauri wa kuepuka vumbi, ushauri mzuri sana, ila ulichelewa miaka mingi. Nilikwenda kumwona karibu kila siku, nikamweleza mashimo yangu yote na wasiwasi wangu juu ya kila moja. Alinisikiliza amefumba macho. “Mashaka,” akasema safari moja, “wewe utakuwa mchimbaji mzuri sana ukipata bahati ya kuwa mvivu kidogo.”

Alifariki asubuhi. Mama Yohana alinieleza hivi: alimletea chai, akanywa mafunda mawili matatu, akaomba asogezewe mto. Akamsogezea. Akasema, “Hapo hapo.” Basi.

Sasa nifike kwenye kaburi, ambalo watu wa kijiweni wanalijua kuliko mimi niliyelichimba.

Mwanawe Yohana alikuja kutoka Dar es Salaam na mawazo. Alitaka baba yake apate kaburi lenye hadhi: pana, lenye kina kupita kimo cha mtu, lijengwe matofali ndani kama chumba. Matofali yalipakiwa Masasi, na lori likakwama kwenye tope wakati wa kupandisha huku kwetu. Kwa hiyo tukabaki na shimo la hadhi lisilo na matofali, katikati ya masika, kwenye mchanga uliolowa. Makaburi ya jirani yalitubana, udongo wote ukalazimika kukaa upande mmoja, karibu na ukingo. Nikaomba mbao tuzuie kuta.

“Hapa ni kaburini, siyo mgodini,” Yohana akanijibu.

“Marehemu angependa, kaka.”

“Marehemu hana maoni.”

Ni kweli, hakuwa nayo tena. Mimi nilikuwa nayo mengi, lakini nilikuwa na sepetu tu, na yeye alikuwa na msiba.

Mchana jeneza likaletwa, likawekwa kando. Watu wakasogea mpaka ukingoni, wengine wakapanda juu ya rundo la udongo wapate kuona vizuri, kama watu wanavyofanya kila mazishi. Padre alikuwa hajafungua kitabu nilipoona umati unapasuka. Alikuwa Mama Salima. Amevaa ile kofia ya njano ya Mzee, anakohoa kikohozi cha Mzee, anatembea kwa hatua za Mzee, na mkononi ana kikombe cha uji. Hata Mama Yohana alicheka huku machozi yanamtoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na hakuna aliyeifanya vizuri zaidi. Akaishika ngazi yangu, akashuka taratibu mpaka chini kabisa, akajinyoosha chali sakafuni.

“Sitoki,” sauti ikaja kutoka chini. “Mniletee jogoo. Siyo tetea, jogoo. Huyu Mmakua amekunywa uji wangu wa mkopo mpaka amekufa.”

Vicheko. Mtu akavua kofia yake, akaanza kuchangisha. Na mimi, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo, sikuwa namwangalia Mama Salima. Nilikuwa naangalia ukuta wa upande wa rundo.

Ulikuwa unachuruzika. Uzi mwembamba, wenyewe, karibu na miguu yake.

Nilipiga kelele. Najua nilichofundishwa, lakini nilipiga kelele. “Mama Salima, panda juu. Ukuta unaanguka.”

Umati ukaangua kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile. “Mashaka naye ameanza utani,” mtu akasema nyuma yangu. Nikawaambia waliosimama kwenye rundo washuke, wakacheka zaidi, mmoja akarukaruka pale juu kuonesha ulivyo imara. Na chini Mama Salima akaniambia kwa sauti ya Mzee, kikohozi na vyote, “Mashaka, umepima?”

Hapo nikaelewa kwamba kadiri nitakavyosema kweli, ndivyo nitakavyokuwa mtani mzuri.

Nikafikiria kushuka nimvute. Lakini tungekuwa wawili, na ngazi ni moja, na mwanamke yule hanyanyuliwi na mtu mwenye bega kama langu. Kwa hiyo nikainama, nikaweka sepetu chini, nikachukua mtaimbo wa Mzee uliokuwa umesimikwa kando, nikapita katikati ya watu, nikaelekea barabarani. Ngazi niliiacha mahali pake.

Mmewahi kumpa mgongo mtu aliye shimoni? Msijaribu kwa kujifurahisha. Kila hatua nilisikiliza kwa mgongo, nikisubiri ule mlio mzito, kama gunia la saruji linalodondoshwa. Nilijiambia kwamba nikiusikia sitaweza kugeuka tena maisha yangu yote, nitatembea hivyo hivyo mpaka Masasi. Nikasikia kitu kingine: chuma kikilazwa kwenye nyasi. Ilikuwa sepetu yako, Issa. Kisha yako, Bakari. Halafu hatua zenu nyuma yangu. Halafu nyingine, nyingi. Vicheko vilikatika kimoja kimoja, kama redio inayoishiwa betri, mpaka makaburi yote yakawa kimya.

Katikati ya kimya hicho ikaja sauti ya Mama Salima, safari hii yake mwenyewe.

“Mbona hamcheki?”

Utani bila wa kucheka ni mwanamke mzima aliyelala shimoni. Nikasikia ngazi yangu inalalamika, kipande kwa kipande, ile misumari ninayodaiwa. Nilipogeuka, kofia ya njano ilikuwa imeshatokeza juu.

Tulilihamisha rundo, tukakata ukingo uwe na mteremko, tukasimika mabenchi ya kanisa na nguzo za turubai kuzuia ukuta. Mvua ikatunyeshea wote kwa usawa, padre na walevi. Yohana alisimama chini ya mwavuli akiniangalia kama mtu aliyeiba sadaka. Mzee akazikwa jioni badala ya mchana, ndani ya kaburi lililofungwa mbao vizuri kuliko mahandaki yake yote. Mama Salima akapewa jogoo wake.

Ukuta haukuanguka. Tulipotoa mabenchi ili tufukie, ulikuwa umesimama kama ulivyokuwa, na ule uzi wa mchanga ulikuwa umekatika. Kijiweni sasa mimi ni yule aliyesimamisha mazishi kwa sababu ya mchanga wa kuchezea watoto. Yohana alirudi Dar es Salaam bila kuniaga. Nimerudi kichwani pale ukingoni mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya, nikipima na kupima tena.

Wiki iliyopita Mama Salima alikuja dukani kununua mfuko wa saruji. Hakunitania, jambo lililonitia hofu. Alisubiri nimfungie, akasema taratibu:

“Mwanangu, ule ukuta. Ungeanguka kweli?”

“Sijui, Mama Salima.”

“Hujui?”

“Sijui kabisa.”

Akaufikiria mfuko wake wa saruji. “Yule Mmakua naye hakuwa anajua kitu,” akasema. “Kesho pita unywe uji. Ila ulipe.”

Issa, Bakari, mtaimbo nimewaachia nyuma ya mlango wa stoo. Msisumbuke kugonga nao kuta. Huku ni mchanga. Ushikeni tu mkiwa mnaondoka, ili watu waone mmeondoka nao. Mtachekwa, na mara nyingi hakutatokea kitu, na hakuna mteja atakayewashukuru kwa kitu ambacho hakikutokea. Sina dawa ya hilo. Nawakumbusha tu kwamba Mzee Makaa alipita handakini, akapita mgodini, akapita kwenye mashimo yetu yote, na alikufa kitandani, mgongo kwenye mto, chai ikiwa bado ya moto. Katika kazi yetu sijasikia cheo kikubwa kuliko hicho.